Punda si farasi mdogo: historia ya kifua chake

Ndugu mfugaji, huwa naulizwa kwa nini punda wamejaa vijijini kwetu lakini farasi hawaonekani. Sehemu kubwa ya jibu ni maradhi, na historia yake itakusaidia kumtunza punda wako leo.

Punda ni mwenyeji wa Afrika. Alitokana na punda mwitu wa kaskazini mashariki mwa bara hili, akaanza kufugwa takribani miaka 7,000 iliyopita. Farasi wa leo asili yake ni nyika za baridi za Urusi. Alipoletwa kusini mwa Sahara alikutana na nagana ya mbung'o, na pia ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao virusi vyake huenezwa na usubi. Mapafu hujaa maji, povu hutoka puani, na mnyama hufa haraka. Mlipuko wa 1854 hadi 1855 huko Rasi, Afrika Kusini, uliua farasi karibu 70,000. Mwaka 1916, Jenerali Smuts aliposonga kutoka Kilimanjaro kuelekea Reli ya Kati, majeshi yake yalipoteza farasi kwa maelfu kwa maradhi haya mawili.

Punda wa Afrika akiumwa na usubi wale wale, mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Hapo ndipo tulipojidanganya kwamba punda haugui kifua. Anaugua, ila hasemi. Minyoo ya mapafu humkohoza farasi, lakini punda huweza kukaa nayo miaka bila kukohoa, huku akiisambaza malishoni kwa kinyesi. Mafua ya farasi ndiyo humpiga punda vibaya zaidi: yalipoenea Niger, Nigeria na Senegal mwaka 2019, punda wengi walikufa.

Mimi mwenyewe nilikosea nilipoanza kazi. Mzee mmoja aliniita, punda wake amepunguza kula. Nilipima joto, nikapata 38.3. Nikalinganisha na jedwali la farasi, nikamwambia, "Mzee, hana homa, endelea naye." Siku ya nne alianguka na mkokoteni wa maji, akafa. Kwa farasi, 38.3 ni kawaida. Kwa punda mkubwa, zaidi ya 37.8 ni homa.

Basi shika haya:

1. Hesabu pumzi akiwa ametulia kivulini. Punda mkubwa hupumua mara 12 hadi 28 kwa dakika. Farasi 8 hadi 16.
2. Usisubiri kikohozi. Akiacha kula, akiinamisha kichwa, akipanua pua au akitoa kamasi, mtenge na umwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo.
3. Akipata mafua, kila siku moja ya homa mpe wiki moja ya mapumziko.
4. Nyasi kavu zenye vumbi ziloweshe kwanza.

Mzee yule alinunua punda mwingine. Siku hizi anahesabu pumzi kila asubuhi kabla ya kumfunga mkokoteni. Nawe anza kesho.