Mji wa mtu mmoja: Bibi aliyekuwa meya, karani na mpiga kura pekee, hadi serikali ilipomuongezea jirani asiyekuwepo

Mtu wangu, kuna kibao kimoja cha barabarani huko Nebraska, Marekani, ambacho huenda umeshakutana nacho kwenye simu yako bila kujua ni cha wapi. Hakina mbwembwe yoyote. Kimeandikwa jina la mji, Monowi, halafu idadi ya wakazi. Namba yenyewe ni 1.

Hawakukosea kuandika. Sensa ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba kati ya miji na vijiji vyote vya Marekani vilivyosajiliwa kisheria na vyenye serikali yake, ni Monowi peke yake iliyokuwa na mkazi mmoja. Mkazi huyo ni bibi mjane, mwenye baa. Picha zake zimezunguka mitandaoni miaka nenda miaka rudi na maelezo huwa ni yale yale: bibi anajipigia kura mwenyewe, bibi anajilipa kodi mwenyewe, watu wanacheka, wanashare, wanapita. Leo tusipite haraka hivyo. Story hii ina mengi zaidi ya kuchekesha.

Monowi ipo Boyd County, kaskazini kabisa mwa Nebraska, kilomita chache tu kutoka mpaka wa South Dakota, katikati ya mto Niobrara na mto Missouri. Kabla hakujawa na kibao wala barabara, maeneo hayo ya mito miwili yalikuwa ya watu wanaoitwa Waponca. Mwaka 1877 serikali ya Marekani iliwahamisha kwa nguvu, ikawapeleka kusini, sehemu ambayo leo ni Oklahoma. Wengi walikufa. Chifu wao mmoja alifiwa na mwanae wa kiume, na kijana alikuwa ameomba azikwe kwao. Mzee akabeba mabaki ya mwanae, akaanza kurudi na watu wake wachache kwenye baridi ya Januari 1879. Jeshi likawakamata. Kesi ikafika mahakamani Omaha, na swali lililobishaniwa pale ndani ni zito aisee: je, huyu Mmarekani wa asili ni mtu mbele ya sheria au siyo? Mei 1879 jaji akasema ndiyo, ni mtu. Ebu fikiria kesi nzima kwa ajili ya hilo tu.

Ardhi ndiyo ikabaki kwa waliokuja baadaye. Sheria ya mwaka 1862 ilikuwa inatoa ekari 160 kwa mtu ambaye atakaa na kulima kwa miaka mitano, kwa hiyo wazungu kutoka mashariki na wahamiaji kutoka Ulaya walimiminika. Halafu mwaka 1902 ikafika reli, na Monowi ikapimwa viwanja. Inasemekana jina limetokana na neno la Wamarekani wa asili lenye maana ya ua, kwa sababu ya maua pori yaliyokuwa yameota pale.

Hapa kuna kitu watu wengi hawakijui kuhusu miji midogo ya Marekani. Ile miji haikukua polepole kama kijiji kinachoanza na familia mbili halafu kinaongezeka. Ilipangwa. Mkulima wa wakati ule alikuwa na mkokoteni wa farasi, na alitakiwa apeleke mahindi au mifugo stesheni na kurudi nyumbani siku ile ile. Kwa hiyo stesheni ziliwekwa karibu karibu, kila baada ya kilomita chache, na kila stesheni ikazaa duka, kanisa, shule, posta, baa. Monowi ilikuwa moja ya hizo. Ukubwa wake ulipangwa kwa mwendo wa farasi, na hilo ndilo lililokuja kuiponza.

Miaka ya 1930 Monowi ilifikisha watu kama 150. Kwa macho yako ya Kariakoo hao ni watu wa foleni moja ya ATM mwisho wa mwezi, lakini pale walitosha kuwa na maduka, migahawa, shule na kanisa. Miaka hiyo hiyo ndiyo uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka na ukame umeyapiga mashamba ya katikati mwa nchi. Baadaye likaja pigo la kimya kimya zaidi: trekta. Shamba lililohitaji familia na vijana watano sasa linalimwa na mtu mmoja na mashine. Mashamba madogo yakanunuliwa na makubwa. Na gari likaua ile hesabu ya farasi, maana kama unaweza kuendesha nusu saa mpaka mji mkubwa wenye bei nzuri, duka la Monowi unaliendea kufanya nini? Boyd County nzima ilikuwa na watu zaidi ya 8,000 mwaka 1910. Mwaka 2020 walihesabiwa 1,810.

Kiukweli mji haufi siku moja. Mazishi ya mwisho kufanyika kwenye kanisa la Monowi yalikuwa ya mwaka 1960, na aliyezikwa alikuwa baba mzazi wa bibi yetu huyu. Kati ya 1967 na 1970 posta ikafungwa na duka la mwisho la vyakula likafungwa. Mwaka 1974 shule ikafuata. Shule ikishafungwa ujue mambo yameisha, kwa sababu mwenye mtoto mdogo hana tena sababu ya kubaki.

Bibi mwenyewe alizaliwa na kukulia shambani, nje kidogo tu ya mji. Mume wake walijuana tangu shule ya msingi, sekondari walipanda basi moja kwenda Lynch, kama kilomita 11 hivi. Kijana akaingia jeshi la anga. Binti naye akaondoka, akaenda Kansas City kufanya kazi kwenye shirika la ndege. Yaani aliufika mji, alikuwa na kazi ambayo mabinti wengi wa shamba wangeililia. Hakuupenda. Akarudi, akaolewa akiwa na miaka 19, wakazaa watoto wawili. Mwaka 1971, wakati wenzao wanafunga biashara, wao wakafungua baa. Miaka michache baadaye watoto wakaondoka kutafuta ajira, kama watoto wote wa pale. Mwaka 1980 mji ulikuwa na watu 18. Mwaka 2000 walibaki wawili, mke na mume. Mwaka 2004 mume akafariki.

Hapo ndipo zile picha za kuchekesha zinapoanzia, sasa tuziangalie vizuri.

Bibi ni meya, karani, mweka hazina, mkutubi na muuza baa. Leseni ya kuuza pombe anaiomba yeye, na ofisi ya kijiji inayoipokea na kuipitisha ni yeye. Kila mwaka anajitoza kodi, ilitajwa kuwa kama dola 500, kwa ajili ya maji na taa. Taa za barabarani zipo nne. Ili zisizimwe lazima kila mwaka aandike mpango wa barabara za kijiji na kuuwasilisha jimboni, ndiyo fedha zitoke. 

Kwa nini ahangaike? Kwa sheria ya Nebraska, kijiji kinatakiwa kuwa na watu kati ya 100 na 800. Lakini ukishasajiliwa halafu watu wakapungua, usajili haufutiki wenyewe. Unaendelea mradi kuna mtu anajaza fomu. Akiacha, Monowi inabaki jina la mahali tu, na mambo yake yanaamuliwa na wilaya. Sasa hapo ndipo namuelewa bibi. Wengine wote waliondoka na miguu yao, lakini mji kisheria haujaondoka kwa sababu ya mwanamke mmoja na makaratasi yake mezani baada ya kufunga baa.

Ili uone tofauti, chukua sehemu nyingine inayoitwa Buford, jimbo la Wyoming. Nayo ilijulikana kama mji wa mtu mmoja. Miaka ya 1860 wakati reli inajengwa inasemekana ilikuwa na watu kama 2,000. Aprili 2012 ikapigwa mnada, mchezo ukaisha kwa dakika chache, na mfanyabiashara kutoka Vietnam akainunua kwa dola 900,000, akaanza kuuza kahawa pale. Iliwezekana kwa sababu Buford haikuwa na serikali yake, ilikuwa mali ya mtu: kituo cha mafuta, duka na nyumba. Monowi ni kijiji kisheria, huwezi kuipigia nyundo ya mnada namna hiyo.

Halafu wale wanaosema "maskini bibi, mpweke" hawajui baa ni nini. Alikuwa anafungua siku sita kwa wiki, Jumatatu ndiyo anapumzika, na wateja ni wakulima na wafugaji wa maeneo yote yale, wengine wanaendesha mwendo mrefu kuja kula baga na kupiga story. Ukutani kuna tangazo linalojisifu kwamba hapo ndipo penye bia ya baridi kuliko zote mjini. Nani atabisha? Hakuna baa nyingine. Wateja wengine aliwajua tangu wakiwa watoto wadogo. Idadi ya wakazi ni moja, ila idadi ya watu wanaoitegemea Monowi haijawahi kuwa moja.

Na kuna maktaba. Mume alikuwa mtu wa vitabu kupita kiasi, aliacha vitabu kama 5,000. Alikuwa na ndoto ya kuvifanya maktaba, akafa kabla. Mwaka 2005 bibi na familia wakaifungua kwenye kibanda kidogo cheupe karibu na baa, ikapewa jina la marehemu. Mimi kwa upande wangu hapa ndipo niliposhika kichwa.

Umaarufu nao ukaja na wenyewe. Mwaka 2018 kampuni ya vyakula ya Arby's ilikwenda kutandaza Monowi bango la matangazo lililoingia Guinness kama kubwa kuliko yote duniani, kutangaza kwamba wameanza kuuza Coca-Cola. Bango kubwa kuliko yote, kwenye mji mdogo kuliko yote. Watu wa matangazo wana akili zao.

Sasa tufike kwenye sensa ya 2020. Matokeo yakatoka, Monowi: watu 2. Bibi akashangaa kama wewe unavyoshangaa. Huyo mwingine ni nani? Amelala wapi? Waandishi wakauliza, na idara ya sensa ikaeleza kwamba zile ni namba zilizochezewa kwa makusudi.

Usikimbilie kusema wizi. Siku hizi kompyuta inaweza kuchukua takwimu za sensa, kuzichanganya na taarifa nyingine zinazouzwa mitandaoni, na kumtambua mtu mmoja mmoja. Sheria ya Marekani inakataza idara ya sensa kutoa siri za mtu. Kwa hiyo mwaka 2020 waliingiza makosa madogo ya makusudi kwenye namba za maeneo madogo: hapa wanaongeza, pale wanapunguza. Jumla ya jimbo haiguswi. Kwenye jiji la watu laki tano huwezi hata kuona tofauti. Kwenye Monowi, kuongeza mtu mmoja ni ongezeko la asilimia 100.

Na ukiangalia takwimu za 2010 utawaelewa. Kwa Monowi, umri wa kati wa wakazi ni miaka 76. Wanawake ni asilimia 100. Kila mstari wa jedwali ni maisha ya mtu mmoja, serikali imeyachapisha na kuyaita takwimu za mji. Mbinu ile ililenga kumficha. Tatizo ni kwamba ilimficha mtu ambaye jina lake, sura yake na bei ya baga zake vinajulikana dunia nzima, na njia waliyoitumia ni kumpa jirani wa kufikirika. Mwanamke aliyejaza kila fomu ya kijiji chake kwa usahihi akaja kupewa hesabu ya kijiji hicho ikiwa si sahihi. Mimi nawaelewa wataalamu, lakini bado inaniuma kidogo. Ardhi ile ile ambayo chifu aliizunguka mahakamani ili tu akubaliwe kuwa mtu, leo kompyuta inaweza kuweka mtu ambaye hayupo.

Fomu halisi zipo. Marekani hufungua karatasi za sensa baada ya miaka 72, ndiyo maana zile za 1950 zilifunguliwa Aprili 2022. Za 2010 zitafunguliwa 2082 na za 2020 mwaka 2092. Hadi wakati huo, ukitafuta Monowi kwenye matokeo rasmi ya sensa ya 2020, utakuta wakazi wawili.