Kosa la Wapolandi, 1939

Wako wasemao kuwa Wapolandi walijiangamiza wenyewe, kwa kuwa waliyatawanya majeshi yao mpakani kote badala ya kuyakusanya nyuma ya mto Vistula. Kosa hilo hatulikanushi. Lakini magharibi ndiko yalikokuwa machimbo yao ya makaa na viwanda. Tena walichelea kwamba Wajerumani wakizitwaa nchi hizo bila kupigwa, watasimama hapo, nao marafiki watasema shauri limekwisha.

Je, marafiki hao? Mwezi wa Mei Wafaransa waliahidi kushambulia kwa sehemu kubwa ya majeshi yao tangu siku ya 15 baada ya kuita askari. Tarehe 29 Agosti Waingereza na Wafaransa waliwasihi Wapolandi waahirishe kuita askari wao, wasije wakamchokoza Hitler. Vita vilipoanza tarehe 1 Septemba, wengi walikuwa hawajafika vikosini.

Kwetu sisi, kosa la mpaka ni dogo kuliko lile la kupiga hesabu ya vita kwa ahadi ya mwingine, ila wangalifanyaje? Wafaransa waliingia Saar kilometa chache, wakarudi. Tarehe 17 Warusi wakaingia kwa mashariki. Warszawa ulisalimu amri tarehe 28, na mwezi huo ndege za Waingereza ziliiangushia miji ya Ujerumani karatasi zenye maneno.