Je, Dalili za Ajabu Hutabiri Zilzala?



Tumeulizwa na familia moja ya Unguja yenye ndugu zao Lushoto: huko mlimani mbwa wanabweka usiku kucha, nyoka wameonekana mchana, na maji ya chemchemi yamechafuka. Majirani wanasema zilzala inakuja. Je, wahame?

Tuanze na wanyama. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili. La mwanzo huenda mbio na ni hafifu, na mnyama anaweza kulihisi sekunde chache kabla ya lile linalotikisa nyumba. Zaidi ya hapo hakuna lililothibiti. Watu hupenda kutaja mji wa Haicheng, China, ambako Februari 1975 wakaazi walitolewa majumbani kabla ya tetemeko, na inasimuliwa kuwa nyoka walitoka mashimoni katikati ya baridi. Lakini huko ilitangulia mitetemeko midogo mfululizo. Julai 1976, Tangshan, katika nchi hiyo hiyo, ilibomoka bila ya watu kuonywa, wakafa zaidi ya 240,000. Kwetu pia, tetemeko la Bukoba la Septemba 10, 2016, na lile la baharini la Agosti 12, 2020 lililosikika hadi Unguja, hayakutabiriwa. Mbwa hubweka kila siku, nasi hukumbuka usiku ule tu uliofuatiwa na jambo. Nyoka naye hutoka shimo likijaa maji ya mvua.

Kisheria, anayeagua zilzala kwa mlio wa ndege au mbwa ameingia katika tiyara aliyoikataza Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam). Siku alipofariki mwanawe Ibrahim jua lilipatwa, watu wakayaunganisha mawili hayo, naye akawakanusha.

Ama chemchemi, hiyo tunaitenga. Usambara ni miteremko mikali iliyolimwa hadi juu, na hatari iliyo karibu zaidi huko ni maporomoko ya ardhi wakati wa mvua kubwa. Chemchemi kugeuka tope ghafla, nyufa mpya shambani, miti kuinama, mlango kukataa kufunga kwa kuwa nyumba imepinda: hizi ni sababu zinazoonekana, kama moshi na moto, wala kuzifuata si kudai ghaibu. Desemba 3, 2023 tope la mlima Hanang liliishukia Katesh, wakafa watu zaidi ya 80.

Basi ndugu hao wasihame kwa ajili ya mbwa. Lakini ikiwa mvua inanyesha na chemchemi imechafuka, watoke chini ya mteremko usiku huo huo pamoja na wazee na watoto, na wamwarifu mwenyekiti wa kijiji. Swala wataiswali huko waendako.

Wallahu a'lam.