Mvumo Masikioni: Nani Aandike Mwongozo?

"Masikio yananivuma." Hivyo ndivyo hulalamika mfanyakazi anayetoka zamu ya usiku kiwandani Thika, na fundi wa jua kali Ruiru aliyeshinda akikata vyuma kwa grainda. Madaktari huiita hali hiyo tinitasi, neno lililotokana na kitenzi cha Kilatini tinnire, yaani kulia kama kengele. Mtu husikia sauti ambayo haina chanzo nje yake. Huyu husikia filimbi, yule nyenje, mwingine jenereta isiyozimwa usiku kucha.

Kwa Kiswahili ninapendekeza mvumo masikioni. Wapo wanaoandika mlio, wapo wanaoandika kelele. Lakini kelele yaweza kuwa ya jirani, na mlio mara nyingi hukoma. Kuvuma ni kwa upepo, kwa bahari, kwa nyuki mzingani: sauti inayoendelea, na kuendelea huko ndiko kunakowachosha wagonjwa. Tena neno lenyewe wanalo tayari. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Istilahi ambayo mgonjwa ameingia nayo mlangoni humrahisishia daktari kazi hiyo.

Ndani kabisa ya sikio, kwenye koklea, mna seli zenye vinyweleo ambazo hugeuza mitikisiko ya sauti kuwa ishara za neva. Kelele kali, uzee na baadhi ya dawa huziua, na kwa binadamu hazioti tena. Wataalamu wengi hueleza kwamba ubongo ukikosa ishara ulizozizoea hujiongezea wepesi wa kusikia, na wepesi huo ndio unaosikika kama mvumo. Wazee waliomeza kwinini kutibu malaria wanaujua vizuri. Wakati mwingine chanzo ni nta tu iliyoziba sikio, na ikitolewa mvumo hupungua.

Ugumu uko kwenye upimaji. Daktari wa masikio, pua na koo ana mashine ya kupima usikivu, lakini mvumo wenyewe, isipokuwa katika visa vichache, hawezi kuusikia wala kuupima. Hana budi kumuuliza mgonjwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Basi mwongozo wa matibabu, ile hati inayomwambia mhudumu aulize nini, asitoe dawa gani na ampeleke mgonjwa kwa mtaalamu lini, ukiandikwa bila wenye mvumo, umeandikwa na watu wasiousikia.

Dawa ya kasoro hiyo ni ushirikishaji wa wagonjwa. Kiswahili kinatupa maneno matatu yanayokaribiana. Ushiriki ni kitendo cha mgonjwa mwenyewe. Ushirikishwaji, unaotumiwa sana Tanzania, unamtazama yule anayeshirikishwa. Ushirikishaji unamkumbusha mwenye wajibu wa kuita, awe wizara, kamati au hospitali, na ndiyo maana ninaushikilia. Wakenya tayari wanaujua kupitia ushirikishaji wa umma, ambao msingi wake umo katika kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010. Kaunti ya Kiambu, zilimo Thika na Ruiru, ilijifunza uzito wake mapema: mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya kaunti hiyo ya mwaka 2013, iliyopanga ada na tozo, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ikiwa ada za soko haziwezi kupangwa bila mwenye kibanda, sioni kwa nini matibabu yapangwe bila mgonjwa.

Mgonjwa akiitwa, mambo hubadilika kweli. Uingereza, mwaka 2012, wenye mvumo na wataalamu walikaa pamoja chini ya utaratibu wa James Lind Alliance wakachagua maswali 10 ambayo utafiti uyatangulize. Kukosa usingizi kuliingia katika orodha hiyo, na pia swali la jinsi ya kuwasaidia viziwi wenye mvumo, watu ambao ni rahisi kuwasahau. Mwaka 2018 yakatoka matokeo ya mradi wa COMiT, ambamo wagonjwa, matabibu na watafiti waliulizwa ni kipi hasa kipimwe ili ijulikane kwamba tiba imefaulu. Kwa tiba za kutumia sauti walikubaliana juu ya usingizi, uwezo wa kumakinika, uwezo wa kuupuuza mvumo, jinsi unavyomwingilia mtu, na hisia ya kuwa na udhibiti. Ukubwa wa sauti yenyewe, ambao mtu wa nje angedhani ndio wa kwanza, ulibaki kwenye orodha ya tiba za dawa pekee. Mwongozo wa mvumo wa Machi 2020 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, uliokuwa na wajumbe wasio wahudumu wa afya katika kamati yake, unaagiza mgonjwa aulizwe jinsi mvumo unavyoathiri maisha yake, na unakataza dawa ya betahistini isitolewe kutibu mvumo.

Barani kwetu somo lilitoka kwa kifua kikuu sugu. Kwa miaka mingi kilitibiwa kwa sindano za dawa kama kanamisini, ambazo ziliwaachia wengi mvumo au uziwi. Phumeza Tisile wa Afrika Kusini alipona ugonjwa huo lakini akapoteza usikivu, akageuka mtetezi mashuhuri wa dawa salama zaidi. Mwaka 2018 Afrika Kusini ilianza kuiweka bedakwilini, dawa ya kumeza, mahali pa sindano, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaacha kupendekeza kanamisini.

Thika na Ruiru zina mlango mmoja ulio wazi. Kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukabiliwa na zaidi ya desibeli 90 kwa saa nane, na kelele ikizidi 85 mwajiri hana budi kuwa na mpango wa kulinda usikivu. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wao. Huo tayari ni ushirikishaji. Lakini fundi mwenye vijana watatu chini ya mabati hana kamati, na ndiye ninayemhofia zaidi.

Wizara ya Afya inapoandaa miongozo ya masikio na usikivu, imwite fundi huyo, na imwite kwa Kiswahili. Nawe msomaji, mvumo ukikujia pamoja na kupoteza usikivu ghafla, usingoje kesho. Nenda hospitalini siku hiyohiyo. Ukiwa wa sikio moja tu, au ukipiga sambamba na moyo, mwone daktari pia. Na kaunti ikiwaita Thika au Ruiru kutoa maoni kuhusu mpango wake wa maendeleo wa mwaka, unaopaswa kufika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, simama udai wapima usikivu katika hospitali zenu.