Kichocheo cha moshi wa injini

Kichocheo cha moshi wa injini ni kifaa kinachofungwa kwenye bomba la moshi la gari ili kupunguza gesi zenye sumu. Ndani ya ganda lake la chuma mna kauri yenye vijitundu vingi, iliyopakwa oksidi ya alumini inayobeba chembe za platini, paladi na rodi. Platini na paladi huwezesha monoksidi ya kaboni na mabaki ya mafuta kuungana na oksijeni, yakawa dioksidi ya kaboni na maji. Rodi husaidia kugeuza oksidi za nitrojeni kuwa nitrojeni. Metali hizo huharakisha mabadiliko bila zenyewe kutumika.

Kifaa hufanya kazi vizuri kikishapata joto la takriban nyuzi 300 za sentigredi, na injini ikichanganya karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Kilienea Marekani kuanzia magari ya mwaka 1975. Risasi katika petroli hukiharibu. Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006. Hata hivyo, kichocheo hiki hakipunguzi dioksidi ya kaboni.