Rupia Saba za Kukhu

Kukhu, nyanya yangu, aliita fedha zote chirupia, hata noti ya mia mbili niliyomtia mkononi kila nilipotoka Kitale kwenda kumwona Bungoma. Alipofariki tulikuta kopo la majani chai chini ya kitanda, ndani yake kitambaa chenye fundo, na ndani ya fundo rupia saba alizoachiwa na babake. Sita ni za Mfalme Edward, kichwa kitupu bila taji. Moja ni ya George wa Tano, ya 1911. Kwenye vazi lake pana tembo mdogo ambaye watu wa India walimwona nguruwe. Waislamu wakalalamika, na nyingi zikarudishwa kuyeyushwa. Hii yetu ilinusurika.

Nilizipeleka kwa sonara wa Kitale.

"Mama, hizi hazinunui hata andazi," akaniambia. Kisha akaiweka moja kwenye mizani: gramu 11.6. Akaigeuza, akaipima tena, akanyamaza.

Karibu gramu 10.7 za rupia ile ni fedha safi. Ililetwa bara na wafanyabiashara wa Kihindi na reli, na serikali ikaidai kama kodi ya nyumba. Mwenye ng'ombe zizini lakini hana rupia alilazimika kuuza mnyama au kwenda kulima shamba la mlowezi. Hivyo kila kipande ndani ya kitambaa kile ni jasho la mtu, nami nakishika kwa heshima hiyo.

Mwaka 1920 ikaja florini, na 1921 shilingi. Rupia moja ikahesabiwa florini moja, na florini moja shilingi mbili. Sawa kwa sawa, serikali ikasema. Lakini florini ilikuwa nusu fedha, nusu madini mengine, na shilingi ilikuwa na robo tu. Aliyepeleka rupia yake akarudi na shilingi mbili alikuwa amebeba fedha isiyofika gramu nne. Gramu karibu saba zilibaki kwa wenye nchi mpya. Babake Kukhu hakupeleka zake.

Mwaka jana niliokota shilingi ya 1922, yenye simba na milima nyuma yake, kwenye lundo la mwuza vyuma chakavu sokoni Kitale. Aliniuzia kwa shilingi hamsini. Nimeifunga karatasi yake peke yake, isikwaruze rupia, nikaitia kopo lilelile. Sizioshi kwa majivu wala ndimu. Weusi ule ni wa mikono ya waliozishika.