Shingo ya Skrubu Nne

Mwaka 1950, katika karakana yake mjini Fullerton, California, Leo Fender alianza kuuza gitaa la umeme ambalo shingo yake ilikazwa kwa skrubu nne. Watengenezaji wengi wa zama hizo waliipachika shingo kwa gundi. Ikipinda, fundi aliing'oa kwa mvuke na subira nyingi. Fender, fundi redio kwa asili, alitaka kifaa kinachotengenezeka: fungua, toa, weka nyingine.

Wanamuziki waliichangamkia fursa hiyo. Juni 1969, kwenye bustani ya Hyde Park, London, mpiga gitaa Eric Clapton alipanda jukwaani na bendi ya Blind Faith akipiga Telecaster yenye shingo ya Stratocaster, zote mbili aina za magitaa ya Fender. Mwaka uliofuata alinunua Stratocaster kuukuu kadhaa mjini Nashville, akawagawia marafiki baadhi, na kutoka tatu zilizobaki akachukua vipande bora na kuviunganisha. Ndipo ikazaliwa Blackie, iliyouzwa mnadani mwaka 2004 kwa dola 959,500. Gitaa la kuungaunga, na bado ni miongoni mwa magitaa bora ya karne yake.

Hata hivyo, si kila shingo inaukubali kila mwili. Kisigino cha shingo ya Telecaster kimekatwa mraba, cha Stratocaster kimeviringwa.

Kigumu zaidi ni urefu wa sehemu ya uzi inayotetema. Kwa magitaa haya ni milimita 648, hivyo freti ya 12, yaani utepe wa chuma wa 12 shingoni, lazima iangukie milimita 324, nusu kamili. Ikikosea, nyuzi zitalia vizuri zikiwa wazi, lakini mpigaji akizibana juu zaidi ya shingo, kila noti inapotoka.